Hiyo Chupa Haikupi Nguvu, Inakuficha Uchovu

Wasee, leo sinyamazi. Mitihani ikikaribia, naona mtu anaruka chakula cha jioni ndio apate pesa ya kinywaji cha kuongeza nguvu. Nguvu gani sasa? Turudi kwa ile biolojia tulikariri tukasahau.

Nguvu ya mwili inatolewa ndani ya seli, hasa kwa mitokondria. Ukila, wanga unakuwa glukosi, damu inaipeleka kwa seli, na oksijeni unayovuta inasaidia kuivunja. Molekuli moja ya glukosi ikivunjwa yote kwa oksijeni inatoa karibu ATP 30. Bila oksijeni, 2 tu. Hizo ATP ndizo seli inatumia kufanya kazi, hata ile ya kukumbuka fomula. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wako, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu yote. Halafu wewe unaunyima chakula usiku wa kusoma?

Utaniambia, "Lakini nikikunywa nakaa macho." Sawa. Kukaa macho na kuwa na nguvu ni vitu viwili. Ubongo ukitumia ATP, adenosini inajikusanya na kukuambia ulale. Kafeini inakuja inakalia kiti chake, basi ujumbe haufiki. Ni kama kuziba ile taa nyekundu ya mita ya stima na karatasi, ukidhani umenunua tokeni. Yuniti zinaendelea kuisha tu. Na ukinywa saa nne usiku, ikifika saa tisa karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini, kwa hivyo hata kale kausingizi kadogo kanaharibika.

Kitu cha maana ambacho seli inaweza kuvunja kwa hiyo chupa ni sukari, na hiyo hata chai ya nyumbani iko nayo. Ile isiyo na sukari je? Hapo seli haipati karibu chochote.

Na nyinyi wenzangu wa kontenti mnaolipwa kutangazia watoto wa sekondari hizi chupa: mnawauzia deni la usingizi mkiliita nguvu. Aibu.

Hiyo pesa peleka kwa kibanda, ule chapo madondo, usome kidogo, kisha ulale. Anayebisha aje kwa komenti, lakini aje na biolojia.