Hosti ni nani, tageti ni nani?

Wewe mwenye laptopu ya mtumba na kijisanduku cha Raspberry Pi, hebu tuongee. Pi ni polepole, kwa hivyo unaamua kukompaili programu kwenye laptopu halafu unahamisha faili. Wazo poa. Shida ni ukifungua maelekezo.

Kwa zana za GNU, bildi ni mashine unayokompailia, na hosti ni ile ambayo programu itaendeshwa juu yake. Hapo hosti ni Pi. Tageti inawahusu wanaounda kompaila pekee: ni mashine ambayo hiyo kompaila itaitengenezea programu. Sasa hamia Rust. Huko hosti ni laptopu yako, na Pi ndiyo tageti! Neno lile lile, mashine tofauti. Ukibeba maelekezo ya huku ukayapeleka kule, utapata faili ambayo Pi itaitema.

Prosesa nazo zina majina kama mkora. Kerneli ya Linux inasema arm64, kompaila ya GCC inasema aarch64, na ni kitu kimoja. Laptopu yako ya Intel leo ni x86_64, kesho ni amd64, kwa sababu AMD ndio waliobuni muundo huo wa biti 64. Msee mgeni akiona amd64 anadhani hiyo faili si yake.

Wazito wa kodi watakwambia maana zote zimeandikwa, ni wewe hutaki kusoma. Zii. Zimeandikwa, ndiyo, lakini kila zana na kamusi yake. Sisi tunaojifunza bila mhadhiri wa kuuliza (chuo niliacha, kwa hivyo najua) tunalipia huo mkanganyiko kwa bando. Kila faili isiyofanya kazi ni MB zimeenda.

Na Kiswahili kina dawa hapa: mashine ya kuundia, mashine ya kuendeshea. Nani atazichanganya? Ukiandika maelezo ya mradi wako, anza na hayo mawili, kisha ndio utaje neno la zana yenyewe.

Kwa leo, kabla hujahamisha chochote, andika amri ya file kwenye laptopu, ikifuatwa na jina la programu yako. Ikijibu x86-64, umejiundia wewe. Pi bado inangoja.