Matunzo ya Mitambo Yasingoje Giza

Mji wa Songea uko mbali na bahari, lakini kwa miaka mingi ulikuwa kisiwa. Tunasema hivyo kwa upande wa umeme. Hadi mwaka 2018 makao makuu hayo ya Mkoa wa Ruvuma hayakuwa yameungwa na Gridi ya Taifa, na taa za Mfaranyaki, Lizaboni na Bombambili zilitegemea zaidi majenereta ya dizeli, ambayo mafuta yake yalisafirishwa kwa malori kwa mamia ya kilomita. Jenereta ilipougua, mji nao uliugua. Mashine za kusaga zilisimama katika mkoa ambao ni miongoni mwa maghala makuu ya mahindi ya nchi yetu, na fundi wa kuchomelea alikaa kibarazani akingoja nuru kama mkulima angojavyo mvua.

Ndugu zetu wa Unguja hawahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Tarehe 21 Mei, 2008 umeme ulikatika kisiwani kutokana na hitilafu ya waya wa chini ya bahari, nao haukurudi hadi tarehe 18 Juni. Watu walikuwa hawajasahau dhiki hiyo, mara tarehe 10 Desemba, 2009 giza likaingia tena, na safari hii likakaa miezi mitatu, hadi Machi, 2010. Pampu zilisimama, mabomba yakakauka, na mama aliyekuwa akifungua bomba uani akalazimika kutafuta kisima. Pemba iliepuka misiba hiyo miwili kwa sababu wakati huo ilikuwa ikitumia majenereta yake yenyewe. Iliunganishwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari baadaye, mwaka 2010.

Tunaikumbusha historia hii kwa sababu wakubwa wetu, na sisi wananchi pia, tumekuwa na mazoea ya kusahau upesi. Taa zikiwaka, tunashangilia; tukisha kushangilia, hatuulizi tena ni nani anayekaza bolti, anayebadilisha mafuta na anayesafisha vikombe vya kigae juu ya nguzo. Leo Songea imo katika Gridi. Laini ya kilovolti 220, yenye urefu wa kilomita 250 hivi kutoka Makambako kupitia Madaba, ilianza kufanya kazi mwaka 2018 na kuzinduliwa rasmi na Rais Magufuli mwezi Aprili, 2019. Unguja nayo ilipata waya mpya wa megawati 100 mwaka 2013, kuchukua mzigo ambao waya wa mwaka 1980 haukuweza tena kuubeba peke yake. Hayo ni maendeleo makubwa, na waliohusika wanastahili pongezi. Lakini siku mtambo unapozinduliwa ndiyo siku uzee wake unapoanza. Utepe hukatwa mara moja. Matunzo hayana siku ya mwisho.

Wavuvi na mabaharia wa visiwani wanalijua jambo hili kuliko maofisa wengi. Nahodha mwenye akili hangoji jahazi lijae maji ndipo atafute kalafati. Hulipandisha pwani kwa wakati wake, akalikagua ubao kwa ubao, akaziba nyufa, akalipaka shahamu, kisha akalirudisha majini. Siku hizo jahazi haliingizi hata senti moja, na mtu asiyejua anaweza kudhani kuwa nahodha anapoteza wakati. Lakini yule anayeendelea kusafiri huku mabaharia wakifua maji ngamani usiku na mchana hapati faida. Anakopa kwa bahari, na bahari ina njia yake ya kudai.

Twasikitika kusema kwamba viwanda na mashirika yetu mengi yameendeshwa kwa desturi ya kufua maji. Mtambo hufanya kazi mpaka uanguke. Ukianguka, hapo ndipo simu zinapopigwa, kamati zinapoundwa na vipuri vinapotafutwa ng'ambo kwa bei ya dharura. Wenye umri wanakumbuka miaka ya themanini, wakati viwanda vyetu vingi vilipofanya kazi chini sana ya uwezo wake. Ni kweli kwamba fedha za kigeni zilikuwa haba, na kwamba bei ya mafuta na vita vya Kagera vilitudhoofisha. Lakini ni kweli pia kwamba viwanda vilijengwa kwa mikopo na misaada bila ya kutengewa karakana, mafundi na akiba ya vipuri vya kutosha kuviweka hai. Tulijifunza kununua mitambo kabla ya kujifunza kuitunza.

Jambo la kwanza tunalotaka wakuu wetu walitambue ni kwamba matengenezo ni elimu. Mtu akisema mashine ibadilishwe kila kifaa baada ya muda fulani, anaweza kuonekana mwangalifu, kumbe pengine anapoteza fedha. Mwaka 1978 wahandisi wawili wa shirika la ndege la United la Marekani, Nowlan na Heap, walitoa taarifa iliyobadili fikra za dunia juu ya jambo hili. Waligundua kwamba katika ndege walizozichunguza, vifaa ambavyo uharibifu wake ulitokana waziwazi na umri vilikuwa kama asilimia 11 tu. Vilivyobaki viliweza kuharibika wakati wowote, na baadhi viliharibika mapema baada ya kufungwa. Maana yake ni kwamba kalenda peke yake haitoshi. Fundi hana budi kuutazama mtambo wenyewe: kupima mafuta ya transfoma kama yameingia unyevu, kupima joto la viungo vya waya, kusikiliza mtikisiko wa beringi, na kuandika alichokiona. Kipimo cha leo kikilinganishwa na cha mwezi uliopita, ugonjwa huonekana kabla ya mgonjwa kuanguka.

Ndiyo maana tunasema daftari la mtambo lina thamani sawa na mtambo wenyewe. Daftari lisiloandikwa, au linaloandikwa mwisho wa mwezi kwa kubuni ili mkaguzi aridhike, ni uongo utakaolipwa na umma.

Jambo la pili ni hatari. Watu wengi wanadhani kuikadiria hatari ni kazi ya watabiri. Sivyo. Ni kujiuliza maswali manne kwa moyo mweupe: kitu gani kinaweza kuharibika, kwa kadiri gani jambo hilo laweza kutokea, likitokea ni nani ataumia na kwa muda gani, na tumejiandaa vipi. Mahali panapohudumiwa na njia moja, swali la tatu lina uzito wa pekee. Mti ukiangukia nyaya katika mji wenye njia nyingi, mtaa mmoja hulala gizani. Laini ndefu inayopita katika misitu na milima ya Njombe na Ruvuma, au waya mmoja unaolala chini ya mkondo wa bahari, ukikatika huzima mkoa mzima au kisiwa kizima. Kwa hiyo mahali kama hapo pastahili matunzo zaidi kuliko pengine, ingawa mara nyingi hupata machache kwa kuwa pako mbali na macho ya makao makuu.

Wala mtu asidhani kwamba hayo ni maradhi ya nchi maskini. Mwezi Januari na Februari, 1998 katikati ya jiji la Auckland, New Zealand, nyaya nne kubwa zilizolisha eneo hilo ziliharibika moja baada ya nyingine, na watu wa mji huo tajiri wakakaa wiki tano hivi bila ya umeme wa kutegemewa. Walikuwa na nyaya nne, nasi pengine tuna moja. Wingi wa mitambo haukuwaokoa.

Hapa nyumbani tuna bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mitambo 9 ya jumla ya megawati 2,115. Ni fahari ya Taifa. Hata hivyo, tarehe 1 Aprili, 2024, wakati bwawa hilo lilikuwa limekwisha kuanza kuzalisha umeme, hitilafu katika Gridi ya Taifa ilizima sehemu kubwa ya nchi. Umeme mwingi bwawani haumfai kitu mgonjwa wa Songea wala muuza samaki wa Malindi, Unguja, ikiwa njia ya kuufikisha imepata hitilafu.

Jambo la tatu, ambalo ndilo linalotutia wasiwasi zaidi, ni mitambo ya akiba. Gridi ilipofika Songea majenereta ya dizeli yalipumzishwa. Baada ya giza la mwaka 2009 na 2010, Unguja ilipata majenereta ya dharura huko Mtoni. Kila hospitali kubwa na kila kituo cha kusukuma maji hutarajiwa kuwa na jenereta yake. Lakini jenereta iliyokaa kimya miaka mitatu si akiba, ni matumaini. Betri yake hufa. Mafuta yake huingia maji na kuziba vichujio. Mipira hukauka, na panya hula nyaya. Yako hata majenereta yanayowashwa kila wiki kwa dakika chache bila ya kubebeshwa mzigo wowote, kisha ikaandikwa kwamba yako tayari. Injini ya dizeli inayozungushwa bure kwa muda mrefu hujaa masizi, na haijathibitisha chochote. Siku ya kazi itakapofika, itawaka dakika kumi na kuzima, na daktari atakuwa amesimama mbele ya meza ya upasuaji.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo yafuatayo, na tunayapendekeza kwa uzito.

Kwanza, kila mtambo ambao kusimama kwake kunaweza kudhuru maisha ya watu uwe na daftari lake na ofisa mmoja anayejulikana kwa cheo chake. Panapokuwa na wahusika kumi, lawama haina mwenyewe.

Pili, fungu la fedha za matengenezo lilindwe. Ni desturi mbaya kwamba bajeti ikibana, la kwanza kukatwa ni fungu la vipuri, kwa sababu mashine hailalamiki mwaka huo huo. Aliyekata hupongezwa kwa kubana matumizi. Mwaka wa tatu mtambo hufa mikononi mwa mwingine, akalaumiwa asiyekata. Transfoma kubwa hainunuliwi dukani. Huagizwa kiwandani, na kutengenezwa kwake kwaweza kuchukua mwaka au zaidi. Asiye na ya akiba hana cha kufanya ila kungoja gizani.

Tatu, mitambo ya akiba ijaribiwe ikiwa na mzigo kamili, katika siku zinazojulikana, na matokeo yake yatangazwe kwa wananchi. Afadhali tukose umeme saa moja kwa jaribio lililotangazwa kuliko wiki nne kwa ajali ambayo hakuna aliyejiandaa nayo. Vyanzo vidogo vilivyo karibu navyo vithaminiwe. Kituo cha Tulila katika mto Ruvuma, kilichojengwa na Masista Wabenediktini wa Chipole na kuanza kazi mwaka 2015 kikiwa na megawati 5, kinaonyesha kwamba nguvu inaweza kupatikana jirani na mtumiaji.

Nne, fundi asikilizwe. Mara nyingi anayeijua nyufa ya kwanza ni kijana mwenye spana mkononi. Akiandika kwamba beringi inalia, asiambiwe anachelewesha uzalishaji. Mkuu anayewaadhibu waletao habari mbaya atabaki na watu waletao habari njema tu, mpaka siku ya msiba. Na fundi huyo afunzwe vilivyo. Karakana za Peramiho, karibu na Songea, zimefundisha kwa vizazi kwamba ufundi hupatikana kwa kukaa miaka kando ya mtu anayejua. Vyuo vyetu vya ufundi vifuate njia hiyo, na mashirika yawapokee wanafunzi katika mitambo halisi.

Wananchi nao wana sehemu yao. Anayeiba mafuta ya transfoma anauza dawa ya kijiji chake kwa bei ya chupa. Anayechoma shamba bila ya kuukinga moto usifike kwenye nguzo za umeme, au anayepanda miti chini ya laini, anaalika giza nyumbani kwake mwenyewe. Na anayejiunganishia umeme kwa hila anawatwisha jirani zake gharama ya matengenezo ambayo yeye hakuichangia. Hatuwezi kudai huduma ya uhakika na papo hapo kuikata mizizi yake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaongeza kwamba ukuta wa siku hizi hujengwa kwa fedha za kigeni, na wakati unajengwa, wanyonge ndio wanaolala nje. Mwenye hoteli atawasha jenereta yake. Ofisa mkubwa atapata mafuta. Atakayechota maji ya shaka ni mama wa Lizaboni na mama wa Jang'ombe. Kwa ajili ya mama hao wawili tunawaomba wakuu wa mashirika wafungue maghala yao, wafungue madaftari yao, na wayawashe majenereta yao yakiwa na mzigo, wakati taa bado zinawaka.