Usiseme Vijana Hawadumu, Karani Wako Umemfukuza Mwenyewe

Leo sizungumzii mbolea wala viwavijeshi. Leo nataka tugombane kidogo.

Msimu uliopita mfanyabiashara mmoja wa mchele katani kwangu alinijia akilalamika. Alikuwa na dada anayemfanyia kazi za ofisi. Dada huyo aliolewa akahamia mjini, lakini kazi hakuiacha. Akiwa huko huko alipokea oda kwa simu, akaandika nani amekopa na nani amelipa, akatafuta magari, akashughulikia leseni ya biashara kwenye mfumo wa TAUSI. Siku moja akasema basi, inatosha.

"Afisa," yule mzee akaniambia, "vijana wa siku hizi hawadumu."

Nikamuuliza unamlipa tarehe ngapi. Akajibu, "Mzigo ukitoka." Bando ananunua nani? "Si simu ni yake?" Mara ya mwisho ulimpigia lini bila kumgombeza? Akanyamaza.

Sasa sikiliza. Wanaobeba magunia ya mzee huyu wanalipwa jioni ile ile. Hakuna anayeambiwa asubiri mzigo ufike Dar. Wanalipwa kwa sababu jasho lao analiona. Karani aliye mbali haonekani, basi tunadhani amekaa tu na simu. Tunamlipa wa mwisho, tena nusu, na ya kutolea hatuweki.

Matokeo yake? Wiki mbili baada ya dada kuondoka, wateja wawili walidai wamekwisha lipa madeni yao. Mzee hakuwa na cha kuwajibu. Kumbukumbu zote zilikuwa kwenye simu ya mtu aliyekuwa anamdai mshahara wa miezi miwili.

Mtaniambia fimbo ya mbali haiui nyoka, kwa hiyo bora karani wa hapa hapa. Lakini mteja wako yuko Dar, leseni inaombwa mtandaoni, na pesa inaingia kwenye simu. Wewe uliyeko mashineni unakoboa, huku mtandao unapatikana ukipanda kilimani, ndiye fimbo ya mbali.

Mtaniambia pia biashara ni ndogo. Haya, tupige hesabu. Chukua mfano mchele ni Sh 2,000 kwa kilo. Gunia la kilo 100 ni Sh 200,000. Ukimwekea karani Sh 20,000 kila mwezi za bando na muda wa maongezi, gunia moja linamtosha miezi 10. Je, madeni yasiyoandikwa yamekumeza magunia mangapi?

Wengine mnaogopa kwamba karani akijua mengi atawachukua wateja. Wateja anao tayari, anaongea nao kila siku kuliko wewe. Ukimtendea vibaya ndipo unampa sababu.

Jambo hili naliona na kwangu. Mimi mwenyewe ni mfanyakazi wa mbali. Ofisi ya halmashauri iko mbali na kata ninayoihudumia. Mwaka 2022 Serikali ilitugawia maafisa ugani pikipiki, na tulishukuru. Lakini kila afisa anajua kwamba pikipiki bila mafuta ni chuma tu. Simu ya karani bila bando ni hivyo hivyo. Na najua moyo unavyokuwa unapopigiwa simu siku ile tu ambayo taarifa imechelewa.

Basi, kama unaye mtu anayekushikia kazi za ofisi akiwa mbali, fanya haya:

1. Panga tarehe moja ya mshahara. Isitegemee mzigo wala mvua. Na ukituma, tuma na ya kutolea.

2. Bando na muda wa maongezi ni gharama za biashara, kama magunia na uzi wa kushonea. Zitume mbali na mshahara.

3. Nunua laini ya biashara, isajiliwe kwa jina lako. Wateja wapige namba hiyo. Karani akiugua au akiondoka, namba inabaki.

4. Weka saa za kazi. Kumpigia mtu saa 4 usiku kuuliza gari limefika wapi si uchapakazi, ni usumbufu.

5. Bei ikibadilika, yeye ajue kabla ya mteja. Anayetukanwa kwa bei ya jana ni yeye, si wewe.

6. Mpigie kila Jumatatu kwa robo saa. Muulize nini kimekwama, kisha ukikwamue.

7. Kila Jumamosi akutumie picha ya ukurasa wa daftari, nawe uandike kwenye daftari lako. Hii inamlinda na yeye, asije akasingiziwa.

8. Kila msimu mlete kijijini mara moja kwa nauli yako. Aione mashine, aione stoo, awajue wabebaji kwa sura.

9. Andikeni makubaliano. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Inazungumzia pia likizo ya siku 28 kwa mwaka na likizo ya uzazi ya siku 84, zote za malipo. Kama hujui zinakuhusu vipi, nenda ofisi ya kazi ukaulize kabla hujashitakiwa. Dada akipata mimba, usianze kutafuta mwingine kimya kimya. Mpangane mapema nani atashika simu hizo siku 84.

Yule mzee aliniuliza afanyeje ili dada arudi. Nikamwambia aanze kwa kulipa deni. Alilipa. Dada alimtumia orodha yote ya madeni siku ile ile, na mteja mmoja alipooneshwa tarehe zake alilipa bila maneno. Lakini kazini hakurudi. Sasa hivi anamwandikia mnunuzi mwingine wa mchele.

Jumatano nipo ofisi ya kata. Ukija na swali la mbegu, karibu. Lakini kabla hujaja, angalia simu yako: karani wako unamdai taarifa, yeye anakudai nini?