Tupande Uluguru, tusipandishe corona

Ligi Kuu iliposimamishwa Machi 17, 2020, mashabiki wa Morogoro tulihamia vibanda umiza. Bundesliga iliporudi, Wajerumani walicheza viwanja vitupu, sisi tuliowatazama tulibanana bega kwa bega. Huko kulikuwa kujifunga wenyewe!

Jamani, milima ya Uluguru si hiyo hapo juu ya mji? Jumamosi pangeni safari ya Morningside. Tokeni alfajiri kwa miguu, watu wa nyumba moja tu, na maji na sweta.

Ila huko juu kuna wazee wetu. Barakoa usoni, salamu kwa mbali, msimzonge mama muuza ndizi. Ligi ilirudi. Jukwaa la Jamhuri lisipungue mtu.