Dawa ya mawazo na kilo ya mwili

Mwaka wa kwanza nilipoanza kukunywa dawa ya mawazo, nilinenepa kilo 9. Delege wa sendika akinenepa, kila mutu anajua maana yake: anakula feza ya bantu. Ku mukutano moya, ndugu mumoya alisimama kule nyuma akaniuliza mbele ya bote: "Delege, bakubwa banakulisha nini?" Bantu bakacheka. Na miye nikacheka, kwa kuwa nilisikia haya kusema ni dawa. Heri banione mwizi kuliko banione mugonjwa wa kichwa. Leo ninaandika juu ya ile haya, maana haikuwa yangu peke yangu.

Bandugu batumikaji, na banamama wenye kusoma hapa, tuseme wazi. Mu kazi yetu kuna bantu mingi wenye kukosa usingizi, wenye moyo kupigapiga bila sababu, wenye kulala siku yote ya konji bila nguvu ya kusema hata na batoto. Mumoya aliona mwenzake anaangukiwa na jiwe. Mwingine madeni inamumaliza. Munganga anaita ile ugonjwa depresiyo, ao wasiwasi, na dawa yake iko. Ile dawa inasaidia. Miye nilirudilia kulala, nikarudilia kazi. Lakini inaweza kugusa kilo ya mwili, na juu ya kilo bantu banaiachaka kimya, bila kuambia hata bibi mu nyumba.

Dawa haziko sawa. Mu liste ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani utakuta amitriptilini na fluoxetini, na njo hizo mbili tunapewaka sana. Miye nilipewa amitriptilini. Inaleta njaa, zaidi hamu ya vitu vya sukari, na inakausha kinywa. Mu joto ya kariere, kinywa kikikauka, unanunua sukre moya, kisha ya pili, kisha ya tatu. Usiku unalala nzito, asubui unatafuta bukari mbele ya kupanda bisi. Nilifikiri ni afya inarudi. Na kweli, sehemu moya ilikuwa afya: mutu aliyekuwa anaacha sahani inajaa, akianza kupona anakula. Ile ingine ilikuwa njaa ya dawa.

Fluoxetini inafanya mara mingi kinyume. Majuma ya kwanza tumbo inachafuka, chakula hakipendezi, mutu anakonda kidogo. Kwa bantu mingi ile inapita, kilo inarudi, na kwa bamoya inapanda nyuma ya myezi mingi. Mwaka 2024 bachunguzi wa Marekani walitangaza hesabu ya bantu zaidi ya 180 000 wenye kukunywa aina 8 ya dawa hizi (amitriptilini haikuwa mule). Nyuma ya myezi 6, tofauti kati ya dawa na ingine ilikuwa, kwa hesabu ya katikati, chini ya kilo moya. Hesabu ya katikati haivai suruali, lakini: mumoya haongezi kitu, mwenzake anaongeza kumi.

Kijana mumoya wa ekipe yetu, dereva wa kamyo kubwa ya mawe, alipewa fluoxetini, akakonda. Na mu cite yetu, mutu akikonda, jina la ugonjwa wake linajulikana bila kupima damu. Bandugu ya bibi yake bakakuja kuuliza maswali. Akatupa vidonge mu choo. Na hapa sikieni muzuri: siku za kwanza hakusikia kitu kibaya. Alifurahi, akasema, munaona, sikuwa mugonjwa. Nyuma ya mwezi moya na nusu, ku posti ya usiku, alisimamisha kamyo mbele ya muteremuko, moteri inanguruma, akashindwa kushuka na mzigo. Bakamukuta analia. Ku kazi bakamuandikia barua ya kukataa kazi. Tulipigana juma tatu ili ile barua ifutwe. Habakuuliza hata siku moya juu ya nini aliacha dawa.

Na miye nilijaribu kuacha amitriptilini kwa mara moya, juu ya mukaba wangu uliokosa tundu. Siku nne bila usingizi, jasho, kichefuchefu. Ile dawa inashushwa polepole, majuma kwa majuma, na munganga. Hata mukisha kupona, dawa inaendelea myezi 6 ao zaidi, kama sivyo ugonjwa unarudi. Na lutuku pamoya na hizi dawa, hapana. Inalaza mutu vibaya, na sisi tunashika mashini.

Basi, siku unapewa dawa, panda ku balansi siku ile ile. Toa butu za kazi kwanza, zile peke yake ziko na kilo zake. Andika namba mu kaye, rudilia kila mwezi, balansi ile ile. Ikipanda kilo tatu ao nne mu myezi michache, ao ikishuka hivyo, peleka kaye kwa munganga. Anaweza kupunguza dawa, ao kubadilisha, ao kupima sukari na tansio. Miye alinibadilishia. Kilo tano zilitoka, ine zilibaki, na miye nimebaki nazo.

Bibi yangu, tangu mwanzo, alipanua suruali zangu bila kusema neno, akapunguza mafuta mu sombe. Banamama, ile ilinisaidia kupita maneno yote. Mutu akiitwa "tumbo" ku meza yake mwenyewe, ataacha dawa kesho.

Yule ndugu wa mukutano? Alinifuata mwaka huu nyuma ya soko, peke yake, akaniuliza dawa ile inapatikana wapi. Nilimupeleka.

Sasa kwa bakubwa wa kompanyi. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inalazimisha mwajiri kutunza mutumikaji na jamaa yake wakati wa ugonjwa, na haitengi ugonjwa wa mwili na ugonjwa wa mawazo. Ku dispansari tunapewa vidonge mu kifuko kidogo cha karatasi, imekwisha. Tunaomba balansi yenye kufanya kazi mu kila dispansari, na dakika kumi za kuelezea mutu dawa itamufanya nini. Tunaomba dawa ya pili iwepo, ile ya kwanza ikishindwa. Karatasi ya munganga ibaki kwa munganga, isipande ku biro ya bakubwa. Na ku depo ya manguo: mutu akiomba salopeti kubwa zaidi mbele mwaka haujaisha, apewe. Asiulizwe mbele ya liyo yote yenye kungoja juu ya nini mwili wake umebadilika.