Freti Zing'olewe!

Tangu muhula uliopita pamekuwa na ubishi katika chumba cha muziki, na hata wasiojua kushika gitaa wameuingilia. Ubishi wenyewe wahusu lile gitaa la besi kuukuu. Freti zake, yaani vile vyuma vyembamba vilivyokingama shingoni, zimelika mpaka kila uzi ukiguswa unalia zzz kama nyuki ndani ya chupa. Wapo wanaotaka liuzwe kwa bei ya kutupa. Mimi nasema freti zing'olewe, tulipige bila hizo.

"Utaliharibu!" Hilo ndilo jibu ninalopewa. Kwani, jamani, udi una freti? Fidla je? Marehemu Zein l'Abdin wa Mombasa, aliyefariki mwaka wa 2016, alisifika kwa udi, na shingo ya udi ni laini tupu. Ndiyo maana mpiga udi huipata ile sauti iliyo kati ya sauti mbili za piano, ambayo maqamu kama rasti na bayati haziendi bila yake. Katika vikundi vikubwa vya taarabu vya Unguja, kazi ya besi hufanywa na lile fidla kubwa la kusimama, nalo halina freti. Sisi hujaribu taarabu kila mwaka, na kila mwaka besi yetu huiruka sauti hiyo.

Wala si jambo geni kwa magitaa. Bill Wyman, aliyekuwa mpiga besi wa Rolling Stones, aling'oa freti za gitaa lake la bei rahisi mwaka wa 1961 akinuia kutia nyingine. Akaipenda sauti, akaliacha vivyo hivyo! Jaco Pastorius wa Marekani naye alipiga besi ambayo mifereji ya freti ilijazwa, shingo ikapakwa epoksi ya mashua. Isikilizeni albamu yake ya 1976, besi yaimba kama mtu.

Kazi yataka subira. Freti hupashwa moto kwa chuma cha kulehemu ili ilegee, kisha huinuliwa polepole kwa koleo. Ukivuta kwa pupa mbao hubanduka. Mifereji ijazwe vipande vyembamba vya mbao nyeupe vilivyotiwa gundi, kisha msasa upite. Hivyo mistari itabaki ya kuongoza macho, na kidole kitakaa juu ya mstari wenyewe, si nyuma yake kama zamani. Nyuzi nazo ziwe zile bapa, maana zile za kukwaruza hutafuna mbao.

Nakubali kwamba wa kidato cha kwanza wasianzie hapo. Kwao ipo besi mpya, na hiyo mtu asiiguse. Atakayeshika kuukuu itambidi asikilize. Akikosea kwa upana wa ukucha, ukumbi mzima utajua. Nadhani hilo ndilo linalowatisha wengi, wala si kuharibika kwa gitaa.

Koleo tutaazima karakana ya useremala. Kilichobaki ni ruhusa ya mwalimu, kabla mnunuzi hajafika.