Mama Hakuulizwa: Barua ya Wazi kwa Jaji Mkuu

Mheshimiwa Jaji Mkuu wa Jamhuri ya Kenya,

Nakuandikia mimi, mwanamke wa Mji wa Kale, Mombasa, ndugu wa tumbo moja na mtu aliyeuawa, na ndugu wa tumbo moja vilevile na mtu aliyemuua; na kwa kuwa kadhia yenyewe imo katika majalada yenu, na mahakama ya pwani iliyoihukumu, ambayo kwa adabu sitaitaja, imo chini ya uangalizi wako, sina haja ya kukusimulia jinsi ugomvi wa mirathi ulivyoanza, wala jinsi ngazi ya nyumba ya marehemu baba yetu ilivyopata kumwagikwa na damu. Nililolijia ni moja. Siku ndugu yangu alipokatiwa kifungo cha miaka 20, mama yetu, aliyemzaa aliyeua na akamzaa aliyeuawa, hakuulizwa neno.

Miaka hiyo sibishani nayo. Mjane wa marehemu huiona michache, nami simlaumu. Naye pia hakuulizwa.

Wajua kuliko mimi kwamba tangu tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilipoamua katika shauri la Muruatetu kuwa kumlazimisha jaji amhukumu kifo kila aliyeua kwa kukusudia, pasi na kuupima udhuru wake, ni kinyume cha Katiba, imekuwa ada, na ada njema, kwamba hata mwenye hatia ya kuua asikatiwe adhabu ila baada ya kusema aliyo nayo. Ndugu yangu, ambaye shitaka lake lilipunguzwa kwa makubaliano, akakiri kuua bila kukusudia, kosa ambalo upeo wa adhabu yake ni kifungo cha maisha, alisikizwa. Wakili wake alisikizwa. Kiongozi wa mashtaka alisikizwa. Afisa wa probesheni alifika mtaani, akazungumza na wazee wa barazani, akapewa kahawa, akaridhika, akaandika ripoti. Mama alikuwa ndani, hatua chache kutoka baraza hiyo, na hakuulizwa.

Sheria ilitaka aulizwe mara mbili. Ya kwanza ni kabla ya makubaliano hayo kutiwa saini, kwani Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai yamtaka mwendesha mashtaka awape waliodhulumiwa nafasi ya kutoa maoni yao, isipokuwa hali hairuhusu. Na hali gani isiyoruhusu mtu kutembea kutoka Treasury Square hadi Kibokoni, mtaani kwetu, mimi sijui. Ya pili ni kabla ya adhabu, kwa Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya mwaka 2014. Na mtu akikiri, Mheshimiwa, hakuna shahidi anayeitwa. Mama alikuwa amesimama juu ya ngazi ile mchi wa kinu ulipoinuliwa. Yeye peke yake ndiye aliyeona nani alianza, nani alirudi nyuma, na maneno gani yalitangulia. Na kwa kuwa kesi haikusikizwa, saa ya kukata adhabu ndiyo ilikuwa nafasi yake ya pekee duniani ya kusema mbele ya jaji. Alitaka kusema nini? Sitakuandikia. Ni lake, na ni haki yake kulisema kwa kinywa chake.

Tulikuwa tumepewa tarehe. Tukafika asubuhi, tukaketi kwenye benchi la ukumbini, mama na buibui lake, na katika pindo la leso karatasi ya daftari niliyomwandikia, imekunjwa mara nne. Ikapata adhuhuri. Karani akatoka, akatuuliza twangoja nini, akapitisha kidole kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, akasema kwa upole, kwani hakuwa mtu mbaya: “Hiyo ilisomwa jana, mama. Kwa mtandao.” Mama akauliza mtandao uko chumba gani, tuingie.

Nakala ya hukumu nilipoipata, siku 14 za kutoa ilani ya rufani zilikuwa zimekwisha. Ndani yake mna sentensi isemayo kwamba familia ya marehemu haikufika. Haikufika! Ilifika siku iliyoandikiwa. Ni mahakama iliyotangulia. Katiba, katika ibara ya 159, imesema haki isicheleweshwe, nanyi mmeifasiri, naona, kuwa haki ije kabla ya siku yake. Hukumu haisemi kama muda ndugu yangu aliokaa rumande umehesabiwa, jambo ambalo sheria yalitaka. Nyumba nayo imefungwa, maana muuaji hamrithi aliyemuua, na mafungu hayagawiki mpaka nakala iliyothibitishwa imfikie Kadhi.

Na hukumu yenyewe ni Kiingereza kitupu. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Lakini sheria ile ile ya mwenendo wa makosa ya jinai ingali yasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, hata hapa Mvita, mji uliokuwa na makadhi na washairi kabla reli haijalazwa. Basi ikanipasa mimi kumfasiria mama, sebuleni, jinsi mwanawe mmoja alivyoadhibiwa kwa ajili ya mwanawe wa pili, naye yu mzee wa kutosha kuikumbuka Ngome ya Yesu ilipokuwa gereza.

Katika dini yetu haki ya damu ni ya mawalii, yaani jamaa warithi, wa aliyeuawa: waweza kutaka kisasi, kupokea diya, yaani fidia ya damu, au kusamehe, na kusamehe ndiko kunakosifiwa. Najua ya kuwa ibara ya 170 ya Katiba haimpi Kadhi mkono katika jinai, wala siombi apewe. Najua pia kwamba mwaka 2013 Mahakama Kuu, Nairobi, iliridhia shitaka la kuua liondolewe baada ya familia mbili kupatana kwa mila na dini yao, na baadhi ya wanasheria wakalikosoa jambo hilo, pengine kwa insafu. Sisi, ambao familia zetu mbili ni moja, hatukuomba hata hilo. Tuliomba benchi, saa moja, na sikio.

Mna kompyuta, mna mabango ya huduma kwa mwananchi kila ukuta, mna mafaili yapaayo hewani. Lakini mtu wa kumpigia bibi kizee simu moja hamna. Na aghlabu ya wanaokosa kupigiwa simu hiyo hawana wa kuwaandikia barua.

Siombi hukumu ivunjwe. Naomba ile sentensi isemayo hatukufika isahihishwe. Maneno ya mama yaandikwe na yatiwe jaladani, yasomwe siku ya rufani au siku ya kuombewa msamaha wa Rais. Na kuanzia sasa jaji yeyote, kabla ya kukata adhabu ya damu, aandike ni nani aliyeiarifu familia, siku gani, na kwa lugha gani. Atakayetumwa kuyachukua maneno hayo asinitafute mimi. Aseme na mama; asikia vizuri, na Kiswahili chake ni fasaha kuliko changu.

Wako katika utiifu wa sheria,
Ndugu wa marehemu na wa mfungwa,
Kibokoni, Mombasa